Sange, Malele na Kichaka cha Bi Mize

Habari hii nimekwisha kuisimulia vipande vipande. Mmoja nimemwambia ya Vespa, mwingine ya wazee wa Dunga, na sasa mkikutana kahawani kila mtu ana kipande chake na hamwelewani. Nimeona niandike yote mara moja, tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi.

Wengi mnanijua: nasomesha biolojia katika skuli moja ya sekondari hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo. Mwenzangu Ameir anasomesha uchoraji, na jioni huandika mabango ya maduka. Skuli yetu ilipata chumba kipya cha sayansi, ukuta mtupu, na mwalimu mkuu akatutaka tuujaze. Nikapendekeza tuchore viumbe wawili wa kisiwa chetu wakae ubavu kwa ubavu, na chini ya kila mmoja maneno machache: ni jamaa wa nani, na hali yake ikoje duniani. Nikachagua sange na malele.

Sange ni mnyama mdogo, ukubwa wa kitoto cha paka, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Mtu akimwona husema panya. Malele ni vile vinyuzi vya kijivu vinavyoning'inia kwenye miti na mawe ya pwani. Mtu akiviona husema majani, au hasemi kitu. Nilitaka wanafunzi wajue kwamba sange si panya na malele si majani. Nilikuwa na picha za wote wawili kwenye simu, safi kabisa. Nikampa Ameir.

Akazitazama, akanirudishia simu. Akasema yeye hachori kitu ambacho hakukiona, na kwamba picha ya simu ni jicho la mtu mwingine. Nikamwambia sange yumo kwenye vichaka vya mashariki na kusini, twende siku moja turudi. Likizo ilikuwa imeanza. Tukaagana tukutane Mpendae, nyumbani kwangu, baada ya sala ya asubuhi.

Siku moja ile ikawa siku nne.

Mpendae hadi Dunga

Vespa ni ya Ameir, na ina umri mkubwa kuliko ndoa zetu zote mbili. Nilikaa nyuma na mfuko wa karatasi na penseli zake, na kikapu alichotufungia mke wangu: mkate wa ufuta, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Mpaka Mwera ilikwenda vizuri, hata Ameir akaanza kuimba. Tulipokaribia Dunga waya wa klachi ukakatika.

Tukaisukuma mpaka kwa fundi. Fundi hakuwepo, amekwenda kusoma hitima, angerudi baada ya adhuhuri. Mkewe alitupa mkeka tukae upenuni kwake, lakini Ameir hawezi kukaa bila kahawa, tukavuka barabara kwenye baraza la wazee. Wakatupokea vizuri, vikombe vikamiminwa, tukaulizwa habari za mjini.

Sasa hapa ndipo Ameir alipotuharibia. Njiani nilikuwa nimemweleza kwamba watu wengine humchanganya sange na kirukanjia, yule mnyama mdogo anayenuka, mwenye pua iliyochongoka. Yeye akaona atumie jina hilo, maana sange huenda hawamjui. Akaweka kikombe chini na kuuliza kwa adabu zote kama huku kwao virukanjia wanapatikana.

 Nyote mnajua kwamba mjini neno lile huitiwa pia mwanamke wa kujiuza, na kumbe Dunga ni vile vile. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akatutazama, kisha akaitazama Vespa, kisha akatutazama tena. Akasema kijiji chao ni cha watu wenye heshima zao, na akauliza kama tuna wake majumbani.

Nilikuwa nataka kujibu mimi. Ameir aliniwahi. Akasema wake tunao, alhamdulillahi, na kwamba hatuna nia mbaya, tunamtaka wa kumtazama tu, atulie kidogo tumchore.

Mzee wa kwanza kuondoka alichukua na kikombe chake. Ilibidi nisimame nieleze, mimi mwalimu wa watu, kwamba tunatafuta mnyama, mwenye miguu minne na mkia. Nikawaonesha picha kwenye simu. Simu ikazunguka baraza zima, mkono kwa mkono, na ilipofika kwa mwenye kofia ya viua akaishika mbali na macho, akacheka mpaka akakohoa. Akasema huyu si kirukanjia, huyu ni sange, na kwamba mtu mzima anayesomesha watoto alipaswa kulijua jina. Nikamwambia ninalijua. Akauliza kwa nini basi hatukulitumia. Nikamtazama Ameir.

Fundi alirudi, akatwambia waya wa Vespa ya zamani hivyo hana, atauagiza mjini uje kesho. Mzee wa kofia ndiye aliyetuchukua kwake tukalale. Tulikula muhogo wa nazi na dagaa waliokaangwa wakakauka, na kila jirani aliyepita kusalimia, mzee alimsimulia ile habari upya. Mara ya nne nilikuwa ninacheka na mimi.

Chwaka

Waya ulifika saa nne, tukaondoka. Kwa sange wazee wa Dunga walikuwa wametuambia twende vichaka vya upande wa pili wa ghuba, lakini kwanza nilitaka malele, na Chwaka nilidhani ningepata mtu mkongwe anayeyajua. Zamani malele yalikuwa biashara kubwa ya pwani hii. Yalikusanywa kwa magunia na kupelekwa ng'ambo kutilia nguo rangi.

Nikamuuliza muuza samaki, nikimweleza na vile vinyuzi. Akarudia neno mara mbili, malele, malele, akasema bila shaka nataka mwani, nyuzi nyuzi kama hizo ni mwani tu, niteremke pwani kwa kina mama. Nikamwambia yangu yanaota juu ya mti. Akanitazama kwa huruma.

Tukateremka. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, na kina mama walikuwa wamekwisha kurudi na mizigo yao ya mwani wanaianika. Nikawasalimu na kuuliza tena. Wakacheka, wakaulizana kwa haraka ambayo sikuifuata, kisha mmoja akaniita. Ni mwanamke wa makamo, kanga imefungwa kifuani juu ya nguo za kazi, mikono imekunjamana kwa chumvi. Alisema anaitwa Bi Mize, anafanya kazi Chwaka lakini kwao ni upande wa pili, na kwamba bibi yake alizaa matumbo saba huku anakusanya malele.

"Aliyatia maguniani akamuuzia tajiri wa mjini," alisema. "Mpaka anakufa hajui yanafanyiwa nini."

Nikamweleza. Nikamwambia yalikuwa yakilowekwa katika mkojo uliokaa siku nyingi, yakatoa rangi ya zambarau, na nguo hizo wakivaa wakubwa wa Ulaya. Bi Mize akaacha kuanika. Akauliza kama wakubwa wenyewe walikuwa wakijua kuhusu mkojo. Nikasema sidhani. Aliwageukia wenzake akawaeleza, na kile kicheko kilisikika mpaka kwa muuza samaki.

Walitukaribisha chakula cha mchana, wali na pweza wa nazi, laini kiasi cha kukatika kwa kijiko. Tukiwa tunakula Bi Mize akataka kujua hasa malele ni kitu gani, maana yeye anayajua kwa macho tu. Nikamwambia si mti, si jani. Ni kuvu, jamaa wa uyoga na wa ukungu unaoota kwenye mkate, lakini kuvu huyo hakai peke yake. Ndani yake anafuga mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani anapika chakula kwa jua, kuvu anampa nyumba na unyevu. Wataalamu wakikiandika kitu hicho vitabuni hukipa jina la kuvu, yule mwani akawa kama mke aliyeolewa ugenini.

"Basi muuza samaki hakukosea sana," akasema Bi Mize.

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Ameir akanicheka, na alikuwa na haki.

Kisha nikamwuliza kuhusu sange. Hapo uso wake ulibadilika kidogo, ukawa wa mtu anayepiga hesabu. Akasema sange wapo kwao, kwenye kichaka cha marehemu baba yao, na malele yamo humo humo. Yeye mwenyewe atavuka leo maji yakijaa, maana keshokutwa ana kikao na kaka yake. Kama tunataka kuona vyote viwili kwa pamoja twende naye. Aliuliza swali moja tu: kama mimi ni mtu wa vitabu kweli, mtu ambaye akisema kitu kuhusu mnyama watu watamwamini. Nikajibu kwa majivuno kidogo kwamba ndiyo kazi yangu.

Kuvuka ghuba

Maji ya Chwaka hayana haraka. Tuliambiwa saa tisa, tukakaa mpaka saa kumi na moja. Vespa tuliiacha kwa jamaa wa Bi Mize, tukaingia kwenye boti ndogo ya mashine pamoja na magunia mawili ya unga, kuku watatu na tangi la maji. Mashine ilizimika katikati, mwenye boti akaifungua, akapuliza kitu fulani kwa mdomo, ikawaka. Ameir alikuwa kijani kama tikiti.

Kijiji tulichofikia sitakitaja, kwa sababu mambo ya mirathi ni ya wenyewe. Tulipopanda kutoka mikokoni watu waliotuona walituamkia kwa heshima iliyozidi, wakatupisha njia. Nilidhani ni ukarimu tu. Kumbe mtu wa boti alikuwa amekwisha kupiga simu kwamba Bi Mize anakuja na maofisa wawili wa ardhi.

Kaka yake, Bwana Vuai, alitupokea mlangoni kwake. Ni mtu mzima kupita sisi, mrefu, mpole, na nyumba yake haijesha: kuta zimesimama, nusu ina paa na nusu ina turubai. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akauliza moja kwa moja kama tumekuja kupima. Ilichukua muda kumweleza kwamba mimi ni mwalimu na mwenzangu ni mchoraji, na kwamba tumekuja kumtazama sange. Aliuliza sange gani. Nikasema yeyote. Akamtazama dada yake, kisha akasema tuingie tule.

Ilikuwa shelisheli la kuchoma na changu wa chukuchuku. Palepale mkekani Vuai alitueleza mambo yao bila kuficha. Baba yao ameacha minazi kando ya barabara, shamba la muhogo, na kichaka kikubwa juu ya ardhi ya mawe isiyolimika. Yeye anataka kichaka chote kikatwe, kuni zake zichome chokaa kwenye tanuu, nyumba imalizike, wanawe wapate pa kulala mvua za masika. Kinachobaki kitauzwa kuni. Sikuona ubaya katika maneno yake. Turubai lilikuwa likipiga kwa upepo juu ya vichwa vyetu tunapokula.

Kichakani

Alfajiri ilipopambazuka Bi Mize alitupitia. Njia ni mawe makali, nilikwaruza kisigino kabla ya kufika. Kwa mbali kichaka kile hakina uzuri wa kukueleza: miti mifupi iliyojikunja, mizizi imeshika mawe, majani makavu chini. Lakini tulipoingia ndani malele yalikuwa kila mahali. Yalining'inia kwenye matawi ya upande wa bahari, kijivu kinachokaribia ubuluu, kama tambi zilizosahauliwa juani. Ameir alishika kinyuzi kimoja bila kukikata. Alisema alidhani kitakuwa kikavu, kumbe kimelainika kwa umande. Akatoa karatasi.

Alipokuwa anachora, nikakaa na Bi Mize juu ya jiwe. Alininong'oneza niangalie palipo na rundo la majani, lile lililopangika kuliko mengine. Alisema hicho ni kitanda cha sange, hulala humo na asubuhi hutoka. Tukangoja. Mbu walitufaidi.

Nilimsikia kabla ya kumwona: majani yanapigwa, kimya, yanapigwa tena. Kisha akatokea, mabega ya rangi ya kutu, nyuma mweusi tii, miguu ya nyuma mirefu kama ya sungura aliyepungua. Pua ilikuwa ikifanya kazi peke yake, inaingia chini ya jani, inalipindua, inatoka. Nimesomesha habari za mnyama huyo miaka na miaka na nilikuwa sijamwona hata siku moja. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, nawaambieni sasa. Ameir aligeuza karatasi polepole akaanza upya. 

Sange alipita karibu na mguu wangu, akasimama, akaruka. Akapotea.

Kwa sauti ndogo nikamweleza Bi Mize kwamba yule si ndugu wa panya, wala wa kirukanjia. Ukoo wake ni wa peke yake, na miongoni mwa jamaa zake wamo tembo, pimbi na nguva. Nilitegemea astaajabu. Yeye alisema tu kwamba nguva walikuwepo ghubani zamani, baba yake aliwaona, basi jamaa mmoja alibaki majini na mwingine akapanda kichakani.

Kisha akanigeukia, na hapo ndipo nilipojua kwa nini tuliletwa.

"Kesho kwenye kikao," alisema, "mwambie kaka kwamba mnyama huyu anamalizika duniani. Wewe ni mtu wa vitabu. Atakuamini, na sheha atakuamini."

 Ukweli ni kwamba sange wetu aliwahi kuwekwa kwenye daraja la wanaoweza kudhurika, kisha wataalamu wakamtazama tena wakamteremsha. Leo katika orodha ya dunia yumo miongoni mwa wale wasiotiliwa wasiwasi mkubwa. Na malele, kwa kadiri nilivyotafuta, hayamo kabisa. Si kwamba ni salama, si kwamba yako hatarini. Hayakutathminiwa. Kwa viumbe wa aina yake ndivyo ilivyo kwa karibu wote, hakuna aliyekwenda kuwahesabu.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia siwezi kumsemea mnyama jambo asilokuwa nalo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akajipangusa majani, akatangulia njiani. Hakusema nami tena siku ile. Chai ya jioni aliipeleka kwa Ameir akamwambia anipe.

Ukumbini kwa Vuai

Kikao kilikuwa asubuhi ya siku ya nne, chini ya ile nusu yenye paa. Walikuwepo Vuai, Bi Mize, sheha anayesimamia kijiji kile na sisi wawili, tulioombwa tukae kama mashahidi kwa kuwa boti haikuwa imefika. Sheha alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele yake daftari.

Vuai hakuzungukazunguka. Alisema amesikia dada yake anataka kichaka kiachwe kwa sababu ya mnyama na ya malele, na yeye si mtu wa kumaliza kiumbe cha Mungu. Akanigeukia.

"Mwalimu, nakuuliza mbele ya sheha. Sange anamalizika, au hamaliziki?"

Nilimwona Bi Mize anatazama mikono yake. Ilikuwa rahisi sana kusema neno moja. Hakuna pale ambaye angelikagua, na kichaka kingelibaki. Nilifikiria pia kwamba mwaka mmoja au miwili mtoto wa Vuai angelisoma kwenye simu, na baada ya siku ile hakuna mtu kijijini hapo ambaye angelimsikiliza mtu wa vitabu, hata siku ambayo kitu kinamalizika kweli.

"Hamaliziki," nikasema. "Kwa sasa. Lakini anaishi vichakani tu, na vichaka vikikatwa kila mahali habari yake itabadilika."

"Na malele?"

"Malele hatujui. Hakuna aliyewahi kuuliza."

Vuai alishusha pumzi. Hakufurahi, nilitegemea atafurahi. Alimwambia dada yake kwa upole kwamba amesikia mwenyewe. Sheha akafungua daftari. Nilihisi kama nimemsaliti mtu ambaye nimekula chakula chake, na tambo zangu za Chwaka, kwamba kusema habari za wanyama ndiyo kazi yangu, zikanisuta.

Bi Mize akasema hapana, asiandike kwanza. Akasema yeye katika mirathi ana fungu lake, dogo kuliko la kaka yake, lakini analo. Analitaka lote upande wa kichaka. Minazi ya barabarani achukue Vuai. Shamba la muhogo achukue Vuai. Yeye apewe mawe.

Kilichofuata sikukitegemea. Vuai alikataa. Alikasirika kweli, mara ya kwanza tangu tufike. Alisema watu watasema amemdhulumu dada yake, amempa jangwa akajichukulia minazi, atawatazama vipi usoni msikitini. Bi Mize akasema hapewi na mtu, anachukua mwenyewe. Vuai akasema ni uwendawazimu, kichaka kile hakitoi hata kikombe cha chai. Dada akasema anajua. Wakavutana hivyo, kaka anamlazimisha dada achukue kitu bora na dada anakataa, mpaka sheha akaweka kalamu chini akasema katika miaka yake yote ya mirathi hajaona watu wakigombana kwa kusukumiana.

Mwishowe walikubaliana hivi: Bi Mize achukue kichaka chote, na juu yake minazi mitatu iliyo karibu na kisima, ambayo Vuai alisema asipoichukua basi hakuna kilichoandikwa. Kuni za chokaa Vuai atazitafuta kwingine, na Bi Mize alimwambia matawi makavu yaliyoanguka ayaokote bila kuomba. Sheha akaandika. Ameir akatia saini, kisha mimi. 

Tulikula pamoja baadaye, mkate wa kumimina na mchuzi wa samaki. Vuai alikuwa amenuna na alimwekea dada yake kipande kikubwa kuliko cha kila mtu. Kisha akaniuliza mimi, kwa dhati kabisa, kama ni kweli sange ni jamaa wa tembo. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema basi pua imebaki.

Mikokoni, maji yakijaa

Kurudi kwenyewe hakuna la kueleza. Boti ilikuja kwa wakati, Vespa iliwaka Chwaka mara ya kwanza tu, na Dunga tulipita bila kusimama, ingawa mtu mmoja barazani alitupungia mkono na kupaza sauti neno ambalo sitaliandika hapa. Michoro iko kwa Ameir, hajaridhika na mkia, anaurudia.

Lakini nataka niwaambie lililotokea kabla ya kupanda boti, kwa sababu ndilo mnaloniuliza hasa, kwamba je, yule mama alikasirika mpaka mwisho.

Bi Mize alitusindikiza mpaka mikokoni. Alimpa Ameir kifuko cha ndizi mbivu za njiani. Mimi nilimwambia ninamwomba radhi, kwamba nilitamani jibu langu lingelikuwa jingine. Nikamwambia pia kwamba nitaandika barua kwa wanaohusika, labda siku moja atakuja mtu kuyatazama malele yale na kuyatia kwenye orodha, na pengine sange naye akapandishwa tena, na hapo kichaka chake kitapata nguvu.

Alinisikiliza huku amekunja kanga juu ya magoti, maji yanampanda miguuni. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uso ule wa kutaka kucheka, wa pwani ya Chwaka, siku nilipomweleza habari za mkojo.

"Andika, Mwalimu," alisema. "Lakini mie kichaka sikukichukua kwa ajili ya orodha. Kwani kitu mpaka kimalizike ndiyo mtu akitake?"

 Akashika ubavu wa boti kwa mikono miwili, akatusukuma mpaka maji yakatubeba.